Kumpaka Effie Poda

Watu wa Ardlow, mji wetu mdogo wa Kanada, ni watu wa utani. Hivyo ndivyo wanavyojisifu, na mimi niliyeolewa hapa nikazalia hapa nimechoka kuwasikia. Mtu akiaibishwa mbele ya mji mzima kisha akaenda kulia kwake, wanasema hana utani. Effie Stickle, wanasema, alikuwa nao. Alikaa ukutani pa ukumbi wa mji karibu maisha yake yote na hakuwahi kulalamika. Wanamtaja hivyo hata kanisani, na sura zao zimetulia kabisa.

Nilikuwa jirani yake kule mtaa wa chini, karibu na kinu, tangu vita vya pili vya dunia vilipokwisha na mume wangu kunileta kutoka shambani kwetu. Dirisha la jiko langu lilitazama la kwake. Haya ninayoyasema mengine nimeyaona kwa macho yangu, mengine alinisimulia mwenyewe tukimenya viazi, akiuficha mdomo kwa kiganja kila alipocheka.

Ukumbi wenyewe ni mzuri, siwezi kuusingizia. Ni wa mawe mekundu laini yaliyochimbwa bondeni, una matao ya mviringo, mnara wenye saa pande zote nne, na paa la vigae vyeusi. Juu kabisa kuna ukumbi wa michezo wenye jukwaa na viti vya mahameli, katikati ni ofisi, na chini ya ardhi ni mahabusu. Wazee wa Ardlow walijenga jumba la kutosha mji mkubwa mara tatu kuliko wao, kwa sababu waliahidiwa reli. Reli ikapita kwingine na jumba likabaki linatutazama. Mlango wa mbele una ngazi pana na nguzo, na ni wa maharusi na wageni wa meya. Mlango wa ubavuni, upande wa kaskazini usiopata jua, ni wa walevi wanaoburutwa mahabusu na wa maskini wanaofuata kuni za bure za baraza la mji.

Aliyechora ramani ya jumba aliipamba milango yote miwili. Juu ya ule wa mbele alichora mwanamke mwenye mganda wa ngano mkononi, ndiye Mavuno. Juu ya ule wa ubavuni alichora kichwa cha kutisha kilichoachama, na bomba likipita ndani yake, ili maji ya mvua ya mnarani yatokee kinywani. Anayeingia mlango huo wakati wa mvua hutemewa mgongoni. Watu wameambiwa mara nyingi kwamba hilo lilikuwa kosa la vipimo. Mimi siamini.

Mchonga mawe aliitwa Ninian Baird, Mskoti, mtu wa maneno matamu. Alipanga chumba katika nyumba ya wapangaji ambako Effie alikuwa mtumishi. Effie alikuwa na miaka kumi na minane. Alikuwa na taya refu, meno ya juu yaliyotangulia mdomo, na macho mazuri ambayo hakuna aliyefika kuyatazama. Siku moja Baird alimshika kidevu pale pale mezani, mbele ya wapangaji.

"Effie, hebu geuka. Aisee! Umejificha wapi siku zote?"

"Niache, sahani zitanidondoka."

"Nataka unikalie nikuchonge. Nitakuweka juu ya mlango, mji mzima ukuone."

"Mimi? Nenda zako wewe!"

Lakini alienda. Kila Jumapili mchana alikaa kwenye kibanda cha Baird, amevaa kola ya lesi ya marehemu mama yake, shingo imenyooka.

"Fumbua mdomo kidogo," Baird anasema. "Zaidi. Kama unaimba."

"Kwani yule mwanamke wa ngano anaimba?"

"Anaimba sana. Zaidi, mpenzi, mpaka nione kooni."

Effie alimwambia muuza nyama. Akawaambia wanawake wa pampu ya maji, akamwambia mchungaji. Wapo waliokuwa wameshapita kibandani wakaona kinachochongwa, na hata mmoja hakusema neno. Walimwuliza tu atavaa nini siku ya ufunguzi. Naye Baird, ukimhukumu kwa haki, hakusema uongo. Alisema juu ya mlango, hakusema mlango upi.

Siku ya ufunguzi, mwaka 1906, bendi ilipigwa na kitambaa kikaanguka mbele. Mwanamke wa ngano alikuwa na uso wa binti ya meya. Effie alisimama pale na kofia mpya, akimwangalia na kumwangalia tena, akidhani labda ni jua linamchanganya. Ndipo muuza nyama akapaza sauti kutoka kona ya jengo: "Effie! Uko huku, dada, njoo ujione!" Umati ukahamia ubavuni, naye akasukumwa mbele. Juu ya mlango wa walevi kulikuwa na taya lake na meno yake, na mdomo umeachamishwa mpaka kooni. Mtu aliyekuwa amepanda mnarani akamwaga ndoo ya maji kujaribu bomba, na maji yakatoka mle kinywani. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Effie naye akacheka. Angefanya nini? Alicheka ameziba mdomo kwa kiganja, na kiganja hicho hakikushuka tena. Hapo ndipo sifa ya utani ilipoanzia.

Theluji ya kwanza ilipoanguka mwaka huo, madiwani walitoka kikaoni wamechangamka. Meya mwenyewe akafinyanga tonge la theluji, akalirusha likakipasukia kile kichwa puani. "Nimempaka Effie poda!" akasema. Mji ukaipenda. Tangu siku hiyo, theluji ya kwanza ikianguka shule hufungwa mapema, meya anarusha tonge la kwanza, kisha wanafuata watoto. Mwanamume akitaka kumwambia mkewe kwamba amejipamba bure, humwambia amempaka Effie poda. Kipupwe maji yakiganda yakaning'inia pale mdomoni, wanasema Effie anaota meno mengine.

Aliolewa na Orrin Stickle, mwendesha gari la farasi, mlevi. Jumamosi kwa Jumamosi Orrin aliburutwa kupitia mlango ule ule, na kila mara aliwafanyia polisi kichekesho chake: "Jamani, mnanifunga au mnanirudisha kwa mke wangu?" Walikuwa wanakisubiri. Orrin alikufa mtoni, amelewa. Binti yao, Wilma, alikulia shuleni akiitwa Bomba. Alipofika umri wa kupanda basi peke yake alipanda, akaenda Hamilton, na hakukanyaga tena Ardlow. Aliandika kila Krismasi. Hakumlaumu mama yake, na hilo Effie aliliona zito kuliko lawama.

Sasa nije kwenye siri yake, niliyoigundua mwenyewe. Effie alikuwa maarufu kwa vikeki vyake vya siagi na zabibu. Siku ya kumpaka poda aliweka sinia ukutani karibu na mlango wa ubavuni, na mtoto aliyepiga kichwa barabara alipewa kikeki. "Mwanamke ana moyo huyo," watu wakasema. Pembeni ya sinia aliweka karai la matonge ya theluji yaliyokwisha kufinyangwa, eti watoto wasigandishe vidole. Asubuhi moja nilipitia uani kwake kuazima chachu, nikamkuta amechuchumaa juu ya karai. Katikati ya kila tonge alikuwa anatia kokoto.

"Effie, unafanya nini?"

"Nawasaidia watoto."

"Kwa mawe?"

Alitazama nyuma yangu kama kuna mtu, kisha akaniegemea. "Pua imeanza kulegea, Verna. Nimeiona Jumapili. Jiwe lile ni laini, linaliwa na baridi. Wakinipiga vizuri mwaka huu itaanguka."

Nilimwelewa papo hapo. Mwanamke yule alitaka kitu kimoja tu duniani, kwamba kichwa kile kife kabla yake. Nilichuchumaa tukafinyanga pamoja.

Pua ilianguka mwaka huo. Meno yakafuata, moja moja, kwa barafu na kwa kokoto. Kila Jumapili baada ya ibada Effie alirudi nyumbani kwa njia ndefu, apite upande wa kaskazini. Alipokaribia miaka themanini, pale juu ya mlango hapakuwa na uso tena. Palikuwa na donge lenye tundu, kiazi kilichooza. Watoto walirusha theluji bila kujua Effie ni nani. "Sasa hata mama yangu asingenijua," aliniambia, na kwa mara ya kwanza nilimwona akiutembeza uso wake mjini bila haraka.

Mwaka huo huo Wilma alifariki, na theluji ilipokwisha kuyeyuka Darlene akashuka kwenye basi. Mjukuu, miaka kumi na sita, na sanduku moja. Tulikwenda kumpokea pamoja. Alipotabasamu, Effie alinishika mkono akanifinya mpaka nikaguna. Taya lile lile. Meno yale yale. Tofauti ilikuwa moja tu: Darlene alicheka mdomo wazi, kichwa nyuma, sauti ya kusikika hadi ng'ambo. Hamilton ni mji mkubwa na hakuna aliyekuwa amemwambia kitu. Mama yake alimlea hivyo kwa makusudi. Njiani kurudi niliona watu wakimtazama, kisha wakatazamana, na mmoja akauma midomo. Hawakusema. Watu wa Ardlow wanajua kutunza utani mpaka uive.

Ilikuwa 1967, Kanada inatimiza miaka mia, na kila mji ulitakiwa kufanya jambo. Wengine walijenga bwawa la kuogelea. Sisi tuliamua kuurudisha ukumbi kama ulivyokuwa siku ya ufunguzi. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Isobel Purvis, mke wa meya, mwanamke mwenye glavu nyeupe hata dukani. Alikuja kwa Effie na keki. Nilikuwepo, na Darlene alikuwa duka la dawa.

"Effie, mpenzi wetu," alisema, "tatizo ni kile kichwa. Kimekwisha kabisa. Na picha zote za zamani ni za mlango wa mbele, si unajua."

"Nani apige picha mlango wa walevi?"

"Ndiyo hivyo. Sasa, wewe ndiye asili yenyewe, na bado tuko nawe. Ungemkalia mchongaji kidogo? Ni historia yetu sote."

"Nilishakaa, Bi Purvis. Imenichukua muda mrefu kuteremka. Sipandi tena."

Isobel alicheka vizuri tu, akavaa glavu zake. Mlangoni alipishana na Darlene anayeingia. Alisimama, akamtazama taya, akamtazama meno, polepole, kama anachagua kuku sokoni. "Binti mzuri," akasema. "Ana uso wa ukoo." Nilitamani kumrushia keki yake.

Wiki haikuisha. Darlene aliingia jikoni mbio, mashavu mekundu.

"Bibi! Bibi, wamenichagua! Watanichonga kwenye ukumbi wa mji! Bi Purvis amesema wataniweka juu ya mlango, mji mzima unione!"

Effie alikaa chini. Hakukuwa na kiti pale, alikaa juu ya ndoo ya makaa.

"Amesema nivae kitu cha heshima. Una kola yoyote, Bibi? Ya kizamani? Jamani, Mama angekuwepo aone!"

Alipopanda juu kupekua makabati, nilimwambia Effie, "Mwambie sasa hivi."

"Nimwambie nini?"

"Ukweli."

"Ukweli upi, Verna? Kwamba Baird alitafuta uso mbaya kuliko zote mjini akauona kwangu, na hawa wametafuta tena, wakauona kwake? Mama yake aliukimbia mji huu asije akamwambia hivyo. Kaburi lake halijaota hata majani, nami nimwambie?"

Ukimweleza mtoto kwa nini asikae, umeshamwambia alivyo. Waliokuwa wanacheka hawakuhitaji hata kujibidiisha.

Mchana huo alivaa koti akaenda kwa akina Purvis. Alikaa mlangoni, hakukaribishwa ndani. "Nitakaa mimi," alisema. "Ila mtoto asijue mlichokuwa mnakitafuta." Isobel akampiga kofi dogo begani: "Nilijua tu, Effie. Wewe una utani!"

Akarudi akamwambia Darlene, "Nimebadili mawazo. Nafasi hiyo ni yangu. Mimi nilitangulia."

"Utani, Bibi?"

"Sikutanii. Nimeshakubaliana nao."

"Wewe? Una miaka karibu themanini! Nani anataka kukutazama wewe juu ya mlango?"

"Wananitaka mimi."

"Ni wivu!" Darlene alipiga kelele nikasikia kwangu. "Mama hakuwahi kusema kwamba una roho mbaya! Nilikuwa na kitu kimoja tu, kimoja, tangu afariki!" Kuanzia siku hiyo alikula kwangu. Effie alinikabidhi viazi vya chakula cha mtoto juu ya uzio.

Mchongaji wa safari hii alikuwa kijana mpole kutoka Toronto. Effie alimkalia kwenye kiti kule mahabusu, maana ndiko kulikokuwa na nafasi. Meno yake yalikuwa yameng'oka zamani, alivaa ya bandia, madogo, yaliyopangika. Kijana alikuna kichwa.

"Meno ndiyo shida, mama. Bi Purvis anasema niende kumwangalia mjukuu wako, nichukue pale."

"Huna haja," Effie akasema haraka. "Nayakumbuka." Akatoa yale ya bandia, akayaweka kwenye leso, akaanza kumweleza. Hili la mbele lilipanda juu ya hili. Hili lilikuwa pana, limeinama nje. Hapa palikuwa na mwanya. Alimweleza jino kwa jino, akimshika mkono na kuusahihisha udongo aliokuwa anafinyangia mfano, mpaka yakawa yenyewe. Nilikaa pale na koti lake magotini, na sikujua niangalie wapi.

"Umenisaidia sana," kijana alisema akifunga vyombo. "Na usihofu. Wale wa zamani walitumia jiwe laini, kosa kubwa. Hili ni itale, jiwe gumu, ndilo wanaloweka kwenye makaburi ya matajiri. Miaka mia tatu halitasogea."

"Ahsante, mwanangu," Effie akamjibu.

Tarehe mosi Julai, siku ya kuzaliwa kwa Kanada, mtaa wote ulijaa. Kichwa kilikuwa tayari kimepandishwa, kimefunikwa kwa bendera, na gari la zimamoto lilielekeza bomba lake juu ya paa la mnara. Effie aliwekwa kiti cha heshima mbele kabisa, na Isobel alimbandika kifuani ua lenye utepe mrefu. Darlene alisimama pembeni yangu, amenuna, mikono kifuani. Bendera ikavutwa, na kichwa cha kijivu kikatokea kwenye ukuta mwekundu. Maji yakashuka kwa kishindo kutoka kinywani, na Ardlow nzima ikapasuka kicheko.

Darlene alikodoa macho. Kisha uso wake wote ukafunguka kwa nafuu na kwa kisasi.

"Kumbe hiki ndicho ulichoking'ang'ania, Bibi?" alipaza sauti. "Basi kaa nacho!" Akacheka, kichwa nyuma, mdomo wazi, kwa nguvu kuliko wote.

Nilimtazama Effie. Alikuwa amegeuka kitini, anamwangalia mtoto akicheka, na alikuwa na furaha. Nasema nilichokiona. Alikuwa amelipia kicheko kile na alikuwa anakisikiliza.

Mtoto mmoja alikuwa mabegani kwa baba yake. Alitazama juu ukutani, akatazama chini kwetu. "Baba," akasema, "wako wawili!"

Vichwa viligeuka. Kisha kicheko kikaanza upya, cha aina nyingine, kile walichokuwa wamekitunza tangu msichana aliposhuka kwenye basi. Meya Purvis alishika kipaza sauti. "Mabibi na mabwana," akasema, "Ardlow haitakosa Effie!" Watu wakapiga makofi. Darlene alitazama kile kichwa, meno kwa meno. Akamtazama bibi yake. Halafu mkono wake ukapanda polepole, kiganja kikauziba mdomo.

Effie alipouona ule mkono alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu. Alijaribu kusimama, lakini utepe wa ua la Isobel ulikuwa umenasa kitini.

Darlene aliondoka na basi la asubuhi. Nilimpeleka kituoni mimi. Aliniuliza jambo moja, "Alijua?" nikamwambia ndiyo, na ndiyo sababu alikaa yeye. Alitikisa kichwa na hakuutoa mkono mdomoni. Hakuandika, hata Krismasi.

Theluji ya kwanza ilipokuja Effie hakuweza tena kutoka kitandani. Vikeki nilioka mimi kwa maelekezo yake, na kokoto nilichagua mwenyewe, kubwa. Nilirudi jioni na sinia tupu.

"Pua?" akaniuliza.

"Ipo."

"Meno?"

"Yote."

"Walipiga vizuri?"

"Vizuri sana."

"Basi usiache kuoka," akasema. Alizikwa kabla ya barafu kuyeyuka, na Isobel Purvis alisema maneno mazuri kuhusu utani.

Sijaacha kuoka. Mimi sasa ni mzee kuliko nilivyomkuta yeye, na siku ya theluji ya kwanza huweka sinia na karai pale pale ukutani, na watu husema Bi Verna naye ana moyo. Watoto wa siku hizi wana mikono yenye nguvu. Mpaka sasa imekatika ncha ya sikio moja.